Vitamini ya Kuku

Shemeji yangu alikuja kukaa kwetu kwa wiki mbili, akakaa mpaka maharage yakapandwa, yakavunwa na kupandwa tena. Ni kaka mkubwa wa mke wangu, mtoto wa kwanza wa familia ya wauza vitenge wa hapa Gisenyi, familia ya Kiislamu ya mjini ambayo kabla yake haikuwahi kutoa daktari wa aina yoyote. Yeye ni daktari wa kompyuta na bakteria. Alisomea Ulaya, akafanya kazi hukohuko, na mkataba wake ulipokwisha bila kuongezwa akarudi akasema yuko likizo. Congé, alisema, akiteremsha masanduku mawili kutoka kwenye teksi, na kwa adabu hakuna aliyemwuliza ni likizo ya kazi gani.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nilizaliwa Kigoma, wazazi wangu wakarudi Rwanda nikiwa kijana, ndiyo maana mpaka leo watu wa hapa wakinisikia naongea Kiswahili wanadhani nasoma taarifa ya habari. Nafundisha sekondari huko Kanama, kwenye vilima vya viazi na migomba, na jioni narudi mjini. Nyumba yetu ni ndogo lakini ilitutosha. Shemeji alipoingia, watoto walihamishiwa sebuleni, na chumba chao kikawa cha mashati yake. Siku chache baadaye akachukua na meza ya chakula, akaweka kompyuta yake juu yake, akatangaza kwamba inahesabu na isiguswe. Feni yake ilivuma kama jiko la mafuta ya taa lililokaribia kulipuka. Ilipokuwa ikihesabu, watoto hawakuruhusiwa kukimbia wala kupiga kelele. Na wakati wote ilikuwa ikihesabu.

Nilimdharau mapema sana, kabla hata sijajua anahesabu nini. Alivaa mashati meupe ya kukaa nayo ndani, na dada yake ndiye aliyeyafua. Alimsahihisha dada yake Kifaransa mbele ya watoto, hali Kifaransa hichohicho kibovu ndicho mama yao alichouzia vitenge ng'ambo ya mpaka, pale Grande Barrière, mpaka kijana akamaliza shule. Mbele ya wageni aliniita beau-frère, yaani shemeji. Wageni wakiondoka aliniita Mwalimu, kwa sauti ambayo mtu hutumia kumtaja mgonjwa aliyekwisha kukatiwa tamaa. Aliwahi kuniuliza siku hizi nafundisha nini. Nikamwambia chembe hai, usanisinuru, mmeng'enyo wa chakula. Akafikiri kidogo kwa huruma.

"Ah, bon," alisema. "Ile ya kuchora-chora."

Mama mkwe alikuja kumsalimia, akaketi kwenye kiti cha mkono, akaitazama ile kompyuta kwa muda, kisha akauliza mwanawe anafanya kazi gani hasa. Shemeji akamweleza kwamba ndani ya bakteria kuna jeni, maelfu, na kila jeni ina kazi yake, na yeye anachagua zipi zifutwe ili bakteria atoe vitamini. Mama akauliza vitamini gani. Ni ile wanayotia kwenye unga, akajibu, na kwenye chakula cha kuku.

"Ya kuku," alisema mama.

"Ya kuku pia, mama. Na ya watu."

Lakini mama alikwisha kusikia alichotaka. Mtaani, alipoulizwa yule mwanawe wa Ulaya anafanya nini, alijibu kwa uso mkavu: "Anafanyaka vitamini ya kuku." Nadhani alikuwa amejiandaa kwa miaka mingi kujibu swali hilo kwa fahari, na sasa alilijibu kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

Sikumwelewa shemeji mpaka siku moja ya mvua nilipotaka kumchokoza. Shule zilikuwa zimefungwa, umeme ulikatika kwa muda, na yeye alikaa akiitazama kompyuta yake iliyokuwa ikila betri, na nilimwona mnyonge kidogo, nikafurahi. Nikamwuliza kwa nini hawampi tu bakteria jeni ya ziada ya kutengeneza hiyo vitamini, badala ya kumnyang'anya alizo nazo. Nililiuliza swali hilo kama mwalimu anavyomwuliza mwanafunzi anayejidai. Aligeuka akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama kana kwamba nina uso.

Alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akachora. Alianza na sukari upande mmoja na mwili wa bakteria upande wa pili, na katikati akachora njia, moja, tatu, kisha utando mzima kama wa buibui. Bakteria, alisema, hana haja na vitamini yetu. Anatengeneza ile anayoihitaji na kuitumia mwenyewe, basi. Anachotaka ni kukua na kugawanyika. Ukimwongezea jeni ya kutengeneza zaidi, atatengeneza zaidi siku ya kwanza, halafu wale wavivu miongoni mwao, wasiopoteza sukari kwa ajili yako, watakua haraka kuliko wenzao, na baada ya muda mfupi chungu kizima ni cha wavivu. Kwa hiyo hutakiwi kumwomba. Unatakiwa kumfungia njia. Unafuta jeni hii, njia ile inakufa. Unafuta nyingine, na nyingine, mpaka njia pekee ya kukua iliyobaki ni ile inayomwaga vitamini nje kama taka. Akitaka kukua, lazima amwage. Asipomwaga, hakui.

Kisha akaniambia jambo ambalo nimeliandika ubaoni Kanama mara nyingi tangu siku ile, bila kusema nililipata kwa nani.

"Watu wengi wanauliza kompyuta: huyu bacterie akipenda, atatoa ngapi? Hiyo ni swali ya bure. We unauliza hivi: akikuwa na roho mubaya yote, akinyima mpaka mwisho, atatoa ngapi? Kama hata hapo anatoa, donc umemushika."

Aliirudisha kalenda ukutani, umeme ukarudi, naye akanisahau. Lakini nilikuwa nimeona. Kwa muda wa mvua moja mtu huyu alikuwa mwalimu bora kuliko mimi, na niseme wazi kwamba hilo halikunifanya nimpende. Lilinikera. Ningeona nafuu kama angekuwa tapeli.

Baadaye alipata nafasi ya kuieleza kazi yake kwenye mkutano katika hoteli moja ya ufukweni. Walikuja wafanyabiashara wa chakula cha mifugo, maofisa kadhaa, na mwanamke mmoja mtafiti kutoka maabara ya chuo kimoja cha kusini, ambaye ndiye mtu pekee katika ukumbi ule aliyewahi kumshika bakteria. Shemeji alitupeleka mimi na mke wangu ili tushuhudie. Alivaa shati lililopigwa pasi na dada yake asubuhi ile, akaongea Kifaransa, akaongea Kiingereza, na alipotaka kuonekana mtu wa watu akatia Kinyarwanda kidogo. Aliwaonyesha utando wake kwa rangi. Akasema kompyuta yake imetafuta miongoni mwa michanganyiko isiyohesabika na imepata seti ya jeni za kufuta, na kwa seti hiyo vitamini itatoka hata bakteria akinyima kiasi gani. Watu walitikisa vichwa kukubali huku wakitafuna sambaza, wale dagaa wa ziwani.

Yule mtafiti alinyoosha mkono akauliza, kwa Kiswahili safi kilichonishtua kwa sababu kilikuwa cha kwetu Kigoma, seti hiyo ina jeni ngapi. Shemeji akataja. Zilikuwa zaidi ya mia mbili.

"Kufuta jeni moja, ikienda vizuri, inanichukua mwezi mzima," alisema yule mtafiti. "Huyu bakteria wako itabidi nimkabidhi mjukuu wangu aendelee naye. Na sijaolewa."

Ukumbi ulicheka. Shemeji hakucheka. Alimjibu kwamba yeye ametatua tatizo la akili, na kinachobaki ni kazi ya mikono. Yule mtafiti alimtazama kidogo, akafunika kalamu yake. Sisi watu wawili, mimi na mke wangu, tulitazama ziwani. Nyumbani shemeji alituambia kwamba yule ni mpishi tu, anakoroga, na kwamba nchi inayowaacha wapishi waulize maswali haiendi mbali. Nilimsikiliza kwa raha kubwa. Hakuna kitamu kama kumdharau mtu halafu naye akuongezee sababu kwa hiari yake.

Mke wangu ndiye aliyevunja raha hiyo. Alinivuta jikoni, akafunga mlango, akaniambia kaka yake hatahama mpaka kazi ile iwe na sura ya kazi iliyokwisha, kwani bila hivyo hana cha kuwaonyesha wazungu wake ili wamwite tena.

"Musaidie amalize," alisema. "Amalize, aende."

Ndivyo nilivyoingia katika sayansi ya shemeji yangu, kwa nia ya kumtoa nyumbani kwangu.

Nilipomweleza kwamba naweza kusaidia kupunguza seti ile, alishangaa kidogo, kisha akakubali haraka kama anayekabidhi mzigo wa nguo chafu kwa mfuaji. Kupunguza kulimchosha. Yeye alipenda kuthibitisha kwamba jibu lipo. Lililofuata aliliona halina heshima. Nilikuwa najua kompyuta kiasi, kwa kuwa nasimamia chumba cha kompyuta cha shule, na alinifundisha kutumia programu zake kwa ukali wa mtu anayedhani anafundisha mbuzi kupanda ngazi. Likizo ile nikawa napanda Kanama kila asubuhi, nafungua chumba cha kompyuta kwa ruhusa ya mkuu wa shule, na kukaa peke yangu na mashine za zamani na harufu ya vumbi la chaki.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza na inachosha kufanya. Unachukua seti ya jeni zilizofutwa. Unamrudishia bakteria jeni moja. Kisha unaiuliza kompyuta maswali mawili: huyu sasa anakua kiasi gani, na akikua hivyo kwa roho mbaya yote, anamwaga vitamini kiasi gani? Kama bado anamwaga, jeni ile haikuwa na sababu ya kufutwa, mwachie. Kama kiasi kimeanguka kikawa sifuri, mnyang'anye tena. Halafu jeni inayofuata. Ukimaliza zote, unaanza upya kwa mpangilio mwingine, kwa sababu mpangilio unabadili matokeo. Jeni uliyoona ya bure jana, leo inaonekana ndiyo msumari ulioshikilia mlango. Wakati mwingine jeni mbili zinafanya kazi moja kwa zamu, ukifuta moja nyingine inashika nafasi, na lazima uzifute zote au usifute hata moja. Wakati mwingine jeni mbili hushirikiana kama watu wanaobeba kabati, ukimwondoa mmoja kabati limekaa chini.

Nilianza kwa kudharau, na kabla sijajua nilikuwa nasahau kula. Hilo sikumwambia mtu. Nilimwambia mke wangu kwamba kazi inaendelea.

Nilipata namba ya yule mtafiti kutoka kwa mtu wa hoteli aliyeandaa mkutano, nikamwandikia. Nilijitambulisha kuwa ni shemeji wa yule bwana wa jeni mia mbili. Alijibu kwamba ananipa pole. Nikamwuliza ni jeni zipi ambazo hangezigusa hata kompyuta ikisema nini, kwa sababu kompyuta ni mjinga wa mambo ya chupa na supu wanamokuzwa bakteria. Alinitajia nyingi, kila moja na sababu yake: hii ukifuta anakua lakini anagandamana chini kama uji, hii anakufa ukimtoa kwenye joto, hii nimejaribu nikalia. Nikazitoa zote kwenye seti nikahesabu upya. Tukaendelea hivyo, yeye na mimi, kwa ujumbe mfupi, na shemeji hakuuliza hata siku moja ni nani anayenipa majina.

Katikati ya kazi hiyo ikafika khitma ya baba mkwe.

Baba mkwe alifariki wakati mwanawe yuko Ulaya, na mwanawe hakuja kuzika, alisema hakupata ndege. Kila mwaka mama huita watu kumsomea, na mwaka ule ulikuwa wa kwanza mtoto wa kwanza wa kiume kuwepo. Mama alinunua mchele mapema. Alipiga rangi ukuta wa mbele wa nyumba yake. Wanaume walianza kuingia baada ya adhuhuri, wakavua viatu, wakakaa kwenye mikeka, juzuu zikagawiwa, na kila mzee aliyeingia alitazama pale mlangoni ambapo mwana mkubwa anapaswa kusimama kupokea watu, akanikuta mimi. Walinipa mkono kwa upole, wakipima umbali wangu na marehemu.

Mama alinituma nimwite. Shemeji alikuwa amekuja nasi asubuhi, na alikuwepo mlemle nyumbani kwa mama, kwenye chumba cha nyuma, amekaa kitandani na kompyuta mapajani, waya umechomekwa ukutani. Nilimwambia watu wamefika na mama anamngoja. Alinyoosha kidole kimoja bila kuinua macho, maana yake ningoje. Nikangoja. Kisha nikarudia.

"Baba alishakufa," alisema, taratibu, bila hasira, kama anayemweleza mwanafunzi mgumu. "Hii calcul ndiyo iko hai. Nikiikata, inaanza zéro."

Nilisimama pale. Sauti za kisomo zilikuwa zinapita ukutani, kila mtu na juzuu yake, zikichanganyika kuwa mvumo mmoja. Nilijua hesabu ile. Nilikuwa nimeifanya mwenyewe mara nyingi kule Kanama, na nilijua kwamba ikikatika inaweza kuendelezwa ilipoishia, ukiwa umeipangia hivyo, na kwamba yeye aliyenifundisha kuipangia ameipangia. Hakuwa anaogopa kupoteza chochote. Hakutaka tu kusimama mlangoni akipokea mikono ya wauza viatu na mafundi cherehani. Nilirudi kwa mama nikamwambia mwanawe ana homa.

Mama hakuuliza homa gani. Alikuwa amekaa karibu na masufuria pamoja na wanawake wenzake, kanga imefunika kichwa.

"Mugonjwa hakose kula," alisema.

Akachukua sahani, akapakua pilau ikajaa, akaiweka magotini. Kisha mbele ya wanawake wote, bila haraka, akaanza kuokota nyama, kipande kimoja kimoja, akizirudisha kwenye sufuria, mpaka ukabaki wali mtupu. Akafuta vidole, akanipa sahani nimpelekee. Nilimpelekea. Alikula yote huku anatazama skrini, na sidhani aliona kilichokosekana.

Kutoka siku ile dharau yangu ilibadilika. Mwanzo ilikuwa burudani. Sasa ikawa kitu kizito na kitulivu, kama deni la damu ambalo hakuna anayekusudia kulilipa. Mke wangu aliacha kufua yale mashati. Hakutangaza, aliyaacha tu kwenye beseni, na kaka yake akaanza kuvaa fulana.

Nilimaliza kupunguza seti kabla shule hazijafunguliwa. Kutoka zile mia mbili na zaidi zilibaki jeni saba. Niliihesabu na kuirudia, nikimpa bakteria kila aina ya roho mbaya niliyoweza kuipangia, naye kila akikua alimwaga. Si kwa wingi ule wa seti ya mwanzo, lakini alimwaga. Nilimtumia yule mtafiti. Alijibu neno moja: "Inafanyika." Nikampelekea shemeji karatasi yenye majina ya zile jeni saba. Aliisoma akiwa amesimama, na nikaona macho yake yakikimbia kutoka jeni moja hadi nyingine, yakifunga njia moja baada ya nyingine kichwani mwake. Alielewa seti nzima kwa muda mfupi kuliko nilivyotumia kutafuta moja tu kati yake. Akasema ile ya tano ni ya busara, hakuitarajia. Kisha akasema atamwandikia yule mupishi.

Aliandika kwa jina lake mwenyewe. Mtafiti alianza kazi. Na hata kabla hajafuta jeni ya pili, kule Ulaya walimwita shemeji tena, kwa sababu alikuwa amewatumia ile karatasi na kuwaambia kwamba maabara ya Rwanda tayari inaijenga. Aliondoka asubuhi moja kwa basi la Kigali. Alimwachia dada yake shuka za kufua na akachukua chaja yangu. Mama hakuja kumuaga, alisema kuna mteja. Watoto walipiga kelele siku nzima, na sisi tulikaa barazani tukiwasikiliza kama watu wanaosikiliza redio.

Ilipita muda mrefu. Nilirudi kwenye usanisinuru wangu. Kisha siku moja shemeji akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, akicheka, akisema ça marche, bakteria wanakua na vitamini inatoka. Miezi kadhaa baadaye akatuma makala. Mke wangu aliifungua kwenye simu yake, akaitembeza kwa kidole akitafuta jina langu. Jina la yule mtafiti lilikuwepo, la mwisho kabisa. Langu halikuwepo. Lakini mwishoni, kwenye shukrani, kulikuwa na mstari unaowashukuru jamaa wa mwandishi kwa kumpa nyumba yenye utulivu.

Mke wangu aliusoma mara mbili. Kisha akaweka simu kifudifudi juu ya meza, akaenda kuchambua mchele.

Ningependa kusema niliumia, lakini ukweli ni kwamba nilichotamani muda wote ule ni kitu kingine. Nilitamani ishindikane. Nilitamani bakteria wafe, au wakue wanene na kunyima kabisa, ili dharau yangu ipate mahali pa kukaa. Mtu anayemwacha mama yake peke yake na sufuria za khitma alistahili kukosea hesabu. Hakukosea. Alikuwa sahihi tangu siku ile ya kalenda, na bakteria hawaulizi aliyewafungia njia ni mtu wa namna gani.

Yule mtafiti alinialika mwenyewe. Alisema nimetaja jeni zile kwa muda mrefu kama majirani, nije niwaone. Nilikwenda likizo iliyofuata. Maabara yake ilikuwa ndogo na safi, na yeye alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka hotelini. Aliposikia kwamba nimezaliwa Kigoma alitaka kujua mtaa gani, kwa sababu yeye alikulia Kasulu, na tulipoteza muda mrefu tukitaja samaki. Kisha akafungua kabati lenye joto ambamo chupa zilikuwa zikitikiswa taratibu, akatoa moja, akanipa.

Ilikuwa na maji yenye ukungu, kama yale ya kuoshea mchele. Niliigeuza kwenye mwanga. Ndani yake walikuwemo mamilioni, kila mmoja akitaka kukua tu, kila mmoja akimwaga kidogo kwa sababu hana pengine pa kupitia. Alinieleza kwamba amewahamisha kutoka chupa hadi chupa kwa wiki nyingi, akitafuta wavivu, na wavivu hawajatokea. Wanakua polepole sana. Hakuna kiwanda kitakachowataka walivyo, vitamini inayotoka haitoshi hata banda dogo la kuku. Lakini hawaachi.

Nilimwuliza kama shemeji amewahi kuja kuwaona. Aliichukua chupa mikononi mwangu, akairudisha kwenye kabati, akafunga mlango.

"Hajawahi kuuliza hata wana rangi gani," alisema.

Halikuwa lalamiko. Alilisema kama anavyosema mtu juu ya mvua ya jana. Aliniuliza kama nina haraka ya kurudi, kwa sababu ana vitamini nyingine anayoifikiria, na kompyuta ya kuhesabia ipo pale dirishani, ila kiti chake kimevunjika mguu, nikae kwa uangalifu. Nikavuta kile kiti, nikakaa kwa uangalifu.